Mchaichai Wako Nimeung'oa, Mwaitu

Mwaitu,

Sitakuuliza huko uliko mambo yako vipi, mama mkwe. Mwenye hasira hana salamu ndefu, na hii yangu nimelala nayo na kuamka nayo. Acha nianze na lile litakalokuudhi wewe, ndipo nije kwa yale yanayoniudhi mimi.

Mchaichai wako nimeung'oa. Wote. Wa nyuma ya jikoni, wa kando ya tangi, na ule wa mlangoni mwa chumba chako, uliokuwa ukitupangusa miguu kila tukiingia. Mwanao Musyoka alishika jembe, mimi nikashika gunia. Najua ungekuwepo ungesimama hapo uani, mikono kiunoni, uulize ni wazimu gani huu ulioingia nyumbani kwako kupitia kwa mkaza mwana. Ungekasirika na ungekuwa na haki. Kwa hivyo nisikilize hadi mwisho, ingawa kusikiliza hakukuwa kazi yako uliyoipenda sana.

Wewe ulikuwa mtu wa chai. Watu wote hupenda chai, lakini kwako ilikuwa sheria. Mtu wa kuuza mayai, mtu wa kusoma mita, jirani aliyekuja kukutukana kwa sababu ya mbuzi wako, wote walikalishwa kwenye kigoda na kupewa kikombe kwanza. "Chai haikataliwi," ulikuwa ukisema, na hukusema kwa mzaha. Siku nilipoletwa hapa kama mke, nilikujibu kwa adabu zote kwamba nimeshiba. Ukakirudisha kikombe jikoni na hukunisemesha mpaka jioni. Nililia chumbani, nikamwambia Musyoka mama yake hanitaki. Akacheka tu, akaniambia, "Enda ukunywe chai ya watu."

Ulinisamehe niliporudi kutoka kwetu Migwani nikiwa na mimba ya mjukuu wako Mwende. Nilikuja na shina la mchaichai wa mama yangu, nimelifunga kwa kitambaa chenye maji. Ulilinusa, ukalipanda siku hiyohiyo, na tangu hapo chai yako haikuwa chai bila jani lile. Harufu yake ilifika barabarani. Madereva wa malori waliosimama Kambu kununua maembe walikuwa wakiuliza ni nani anapika hivyo.

Lakini hapa kwetu kupanda kitu ni vita. Jua linapasua hata ndoo, na kile ambacho jua limekiacha mchwa wanakimaliza. Kila shina ulilotenga lilikauka au likaliwa. Ndipo akaja yule mwenye yadi.

Unakumbuka jinsi alivyokuja? Alikodi kile kiwanja cha kando ya barabara kuu, akakizungushia mabati, akaanza kununua betri za magari zilizokufa. Vijana wetu walishangilia kwamba kazi imefika. Walikuwa wakizipasua kwa shoka, maji yake makali wakayamwaga chini, na yale madini ya risasi ya ndani wakayayeyusha kwenye tanuri. Moshi ulikuja mpaka kwetu, mbuzi wakawa wanakohoa, nasi tukafunga madirisha tukasema ni maendeleo. Maganda ya betri yalibaki rundo. Jivu la tanuri nalo likabaki rundo jingine, kubwa kuliko nyumba.

Halafu akaja kanisani siku ya harambee. Alitoa bahasha, na juu ya bahasha akatoa vitu viwili. Jivu, malori mazima, la kusawazisha kiwanja cha kanisa. Na maboksi ya betri kwa kikundi cha akina mama, ya kupandia mboga. Alisema yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa kando yako, "Hii haipasuki, hii haivuji. Mama akipanda sukuma hapa, maji kidogo tu inatosha." Mchungaji akasimama akasema, "Tumshukuru Mungu kwa sababu ya huyu donor wetu." Tukampigia makofi ya kilo. Wewe ulipiga ya kwako ukiwa umesimama.

Na lilikuwa boksi zuri, nani atakataa? Vyumba sita, plastiki nene, jua halifanyi lolote. Uliyaosha kwa sabuni, ukayatoboa chini kwa msumari wa moto, ukayajaza udongo. Kisha ukaenda kwenye kiwanja cha kanisa na karai, ukachota lile jivu ukalichanganya humo, kwa sababu mama yako na mama wa mama yako walifukuza mchwa kwa jivu la jikoni. Nilikuuliza kama jivu la yadi linafaa. Ukaniangalia kama mtoto. "Jivu ni jivu," ukasema.

Mchwa hawakugusa shina hata moja, Mwaitu. Sasa najua kwa nini.

Mchaichai ulistawi mpaka ukapita kiuno changu. Ukafurahi, na ukifurahi wewe lazima kila mtu apate. Kila bibi arusi wa kanisa letu alipewa boksi moja. Kila mama aliyejifungua, boksi moja. Walimu wa shule ya Jumapili walipewa wayapange kando ya ukuta, na watoto ndio waliokuwa wakimwagilia. Ulipita nyumba kwa nyumba na karai lako la jivu, ukiwafundisha wengine kuchanganya. Nilikuwa nikijivuna nikikuona. Nilisema kwetu Migwani, mama mkwe wangu amefanya Kambu nzima inukie.

Tangu uende, haya ndiyo yaliyotokea.

Mwende aliacha kula. Alikuwa anashika tumbo na kujikunja, nikampa dawa ya minyoo, nikampa tena. Akawa mweupe midomoni. Halafu maneno yakaanza kumpotea. Mtoto aliyekuwa akikuimbia wimbo mzima wa Jumapili, akawa anasimama katikati ya mstari na kutazama ukuta. Wifi yangu alisema anakukosa wewe, huzuni ya mtoto huwa hivyo. Nami nikaamini, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakukosa na maneno yalikuwa yakinipotea.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeuliza tunaishi wapi na karibu na nini. Akatoa damu, ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi hakunipigia simu, alikuja mwenyewe na pikipiki. Alisema damu ya Mwende ina madini ya risasi, tena mengi, na madini hayo kwa mtoto hula akili na mifupa na damu yenyewe. Akataka kuona anachezea wapi na anakula nini. Nikamzungusha uani. Alipofika nyuma ya jikoni akaona maboksi yako yamejipanga, na Mwende amechuchumaa pale akitafuna shina la mchaichai kama muwa, vidole vimejaa udongo. Nesi akakaa kwenye kigoda chako. Kisha akauliza, "Hii mmetoa wapi?"

Nilikuwa nimemwekea chai, kwa sababu hii ni nyumba yako. Alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi, akakisukuma pembeni polepole kwa kidole.

Walikuja watu wa chuo kikuu baadaye wakachukua udongo na majani. Risasi imo kwenye udongo, imo kwenye vumbi lililokaa juu ya majani, imo ndani ya jani lenyewe, kwa sababu mmea hunywa kilichomo ardhini bila kuchagua. Ukilichemsha, linakuja kikombeni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Sisi chetu kilikuwa kinanukia vizuri na tulikuwa tunakiongezea sukari.

Na wewe? Hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Hakuna aliyekupima. Hospitali walisema presha, wakasema figo, wakasema umri, na wewe hukuwa mzee wa kusemwa umri. Siwezi kuapa kwamba ni risasi iliyokuua, kwa hivyo siapi. Lakini nakumbuka lile tumbo lililokuwa likikufunga kwa siku nyingi. Nakumbuka mkono wako wa kulia ulivyolegea kwenye kifundo ukashindwa kuinua birika, nawe ukalilaumu birika. Ulisema mafundi wa siku hizi wanaweka chuma nyingi. Tukakununulia birika dogo. Mungu wangu, tulikununulia birika dogo na tukadhani tumekusaidia.

Hata wewe nilikukasirikia. Nisikufiche. Nilisimama mbele ya yale maboksi nikakuita kwa sauti, nikakuuliza ni lazima ungegawa kwa kila mtu? Hukuweza kuwa mchoyo hata siku moja kama watu wengine? Halafu nikaona aibu, nikaingia ndani.

Siku ileile nesi alipokuja niliacha kuchuma. Mwende nikampeleka hospitali kubwa, akalazwa, akapewa dawa ya kuvuta madini hayo mwilini. Lakini nilipotaka kung'oa, Musyoka alikataa. Hajawahi kunipandishia sauti, siku hiyo alinipandishia. "Wee, wacha jina ya mama yangu! Unataka watu waseme aliwalisha sumu?" Akasema nisubiri ukumbusho wako upite. Nikamwambia kaburi halina haraka, watoto wa watu ndio wanakunywa sasa hivi. Akatoka nje. Baadaye nilimkuta ameketi karibu na tangi analia.

Nikaenda kwa wanawake wa kikundi. Nilidhani nikisema tu watasikia. Kalekye, mwenyekiti wako, rafiki yako wa chanda na pete, aliniuliza mbele ya wote, "Kwani wewe ndio daktari? Mama Musyoka hajamaliza mwaka kwa mchanga na umeanza kumharibia jina." Mwingine akasema naona wivu kwa sababu wewe ulisifiwa. Mchungaji naye alisema tusiwe na haraka ya kulaumu wafadhili, tuombe. Yadi, aliniambia, imeahidi kuezeka kanisa upya. Nilirudi nyumbani nikapasua kuni mpaka Musyoka akanipokonya shoka.

Sasa sikia habari za ukumbusho wako.

Ulifanyika Jumamosi. Tuliweka msalaba mpya kaburini, tukaimba, kisha tukashuka kanisani kwenye hema. Walikuwa wamepanga kukuheshimu kwa njia moja tu, nawe unaijua. Sufuria ile kubwa ya harusi ilikuwa motoni, imejaa chai ya maziwa, na ndani yake mafungu ya mchaichai kutoka kila nyumba uliyoipa boksi. Kila mama alileta lake. Harufu ilikuwa yako kabisa, nikajikuta nageuka kukutafuta. Watoto wamejipanga na vikombe vyao vya plastiki. Na kwenye meza kuu, mgeni wa heshima, nani? Mwenye yadi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Nilisimama mbele ya sufuria. Kalekye akaniambia nisije nikaleta aibu leo. Nikamwambia sileti. Nikamkumbusha tu jambo ulilotufundisha wewe, kwamba hakuna anayeonja kabla ya mgeni. Hilo hakuweza kulipinga. Nikachukua kikombe chako, kile cha maua chenye ufa, nikakijaza, nikakipeleka meza kuu kwa mikono miwili.

Unajua nilikuwa nimekumbuka nini, Mwaitu? Nilikuwa nimekesha nikikumbuka. Yule mtu aliposhuka garini pale yadi, kila mara alikuwa amefunika pua na mdomo, tukasema ni mtu wa mjini, anaogopa vumbi. Vijana wetu hakuwapa hata kitambaa. Alikuja na maji yake ya chupa. Na siku ile ya harambee ulipompelekea chai kwa mkono wako, alikurudishia. Alisema, "Asante mama, lakini leo niko kwa kufunga na maombi." Wewe ambaye hukuwahi kukubali kikombe kurudi, ulikubali. Ulitusimulia wiki nzima jinsi tajiri yule anavyomcha Mungu.

Nikakiweka kikombe mbele yake. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa watoto, "Ni chai ya Mama Musyoka. Imetoka kwa yale maboksi yako, na jivu yako. Wote tunakungoja uonje."

Alitabasamu. Akashika mkono wa kikombe, akauachia. Akaangalia saa. Kisha, Mwaitu, naapa mbele ya kaburi lako, akasema neno lilelile. "Asante mama, lakini leo niko kwa kufunga."

Sahani yake ilikuwa mbele yake. Mfupa wa mbuzi ulikuwa juu ya sahani, umekwanguliwa hadi ukang'aa.

Kalekye ndiye aliyekuja mpaka mezani, na ile miguu yake mibovu. Aliutazama mfupa, akamtazama mtu. "Kufunga gani hii ya kula mbuzi?" akamuuliza. Akamsogezea kikombe. "Kunywa. Tuone ukikunywa." Mtu yule akanyanyuka, akasema ana mkutano Nairobi, dereva wake akawasha gari kabla hajafika mlangoni.

Kalekye alirudi kwenye sufuria akashika sikio moja, mimi nikashika jingine, tukaimwaga yote. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti, kwa sababu mtoto wake naye tumbo linamuuma tangu mwaka jana na walimwambia ni minyoo. Wengine wakawa wanakusanya vikombe mikononi mwa watoto, haraka, hata vile vitupu. Kalekye aliketi chini palepale akasema, "Na mimi nilikuambia unamharibia jina." Nikamwambia ainuke, si yeye ninayemtafuta.

Jana ilikuwa siku ya kung'oa. Nyumba zote. Nesi alisema tusichome moto, tusiwape mbuzi, tuvae glavu, udongo tuumwagilie maji kwanza usitimke. Tukaweka kila kitu kwenye magunia. Hatukujua pa kuyapeleka, halafu Musyoka, mwanao yule mpole, akasema zawadi hurudishwa kwa mwenyewe. Tukapakia mikokoteni ya punda tukapanga maboksi na magunia mbele ya lango la yadi, mpaka mlinzi akawa haonekani. Hakuna gari litakaloingia humo bila mtu kuyagusa kwa mikono yake.

Usifikiri mambo yamekwisha. Watu wa kaunti walikuja, wakapiga picha, wakasema wanafuatilia. Moshi bado unatoka. Jivu bado liko chini ya kiwanja cha kanisa, ndiyo maana jana hakuna mtoto aliyeenda shule ya Jumapili. Tuliomba kwa Kalekye, chini ya mabati yake, na mchungaji akabaki na viti vyake. Ameniita mchochezi. Neno hilo nimelipenda.

Mwende amerudi nyumbani. Daktari anasema madini yamepungua, lakini kuhusu yale maneno yaliyopotea hakuniahidi kitu, na mimi nilikuwa namwangalia mdomo nikingoja aahidi. Juzi aliimba wimbo wako akafika mstari wa tatu. Akasimama, akautazama ukuta. Nikangoja. Wa nne haukuja.

Jina lako nalo, usihofu. Nilidhani nitalichafua. Lakini jana Kalekye aliwaambia wote kwamba wewe ulipewa sumu kwa mkono ulioheshimiwa, ukagawa ulichoamini ni chakula. Anayejua na asiyejua hawabebi mzigo mmoja. Musyoka alisikia. Usiku alilala.

Nami nakuahidi haya. Sitanyamaza mpaka lile tanuri lizimwe na kila mtoto uliyempa kikombe apimwe damu. Hata wakiezeka kanisa kwa dhahabu. Na mvua ikianza nitaenda Migwani, nikachukue shina jingine kwa mama yangu, na gunia la udongo wa kwao, nilipande kwenye chungu cha udongo mlangoni mwa chumba chako. Mchwa wakija, waje. Nitafurahi kuwaona.

Mchaichai ukistawi, Mwende ndiye atakayechemsha chai ya kwanza, na kikombe chako cha ufa kitakaa mezani. Muuza mayai atakalishwa, msoma mita atakalishwa, hata mchungaji akija na aibu yake atapewa. Nyumba hii itabaki kama ulivyoiacha, Mwaitu. Hakuna atakayenyimwa chai hapa, isipokuwa mtu mmoja. Huyo mwache aendelee kufunga.

Lala.

Ni mimi mkaza mwana wako,
Mama Mwende